Mikunjo Nyumbani kwa Muuza Nyama

Nyumbani, 9 Februari

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kifua ulichokisema kimepoa. Sisi hatujambo. Kaka yako anaendelea na bucha, wifi yako anaendelea na sisi sote. Goti langu hulalamika asubuhi, ikifika jioni limesahau. Masikio ndiyo yale yale. Miaka niliyosimama kando ya msumeno wa mifupa imeyala, ukinipigia simu nasikia kama mtu anakaanga vitunguu. Kwa hiyo tuendelee na karatasi, haina haja ya kupigiwa kelele.

Sasa nikueleze kilichonishikisha kalamu. Mtoto wako hali nyama tena.

Ilikuwa Jumamosi. Alikuja buchani kunisubiri kama kawaida yake, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaongea. Unajua kwa nini tunamwita Kinanda: akianza hana kituo. Mimi nilikuwa nashusha paja la ng'ombe kutoka kwenye ndoano. Akaniuliza kama huyu ng'ombe alikuwa jike. Nikamwambia ndiyo. Akauliza kama alikuwa na mtoto. Bila kufikiri nikasema alikuwa na ndama, tena mkubwa tu. Akanyamaza. Mwanangu, Kinanda akinyamaza ni habari ya kutangaza. Kisha akasema:

"Ndama anajua mama yake yuko wapi?"

Mteja alikuwa anasubiri kilo yake, nami nikajifanya sikusikia. Siku nyingine masikio haya yananifaa. Jioni ile alisogeza sahani, na tangu hapo hajagusa nyama.

Wifi yako alijaribu kusaga nyama akaificha ndani ya maharage. Kinanda aliichambua punje kwa punje, kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, akaipanga ukingoni mwa sahani. Kaka yako anasema mjukuu wa muuza nyama kukataa nyama ni sawa na mtoto wa fundi viatu kutembea peku, na kwamba wateja wakisikia watadhani nyama yetu ina kasoro. Alimkalisha mezani mchana mmoja, akasema hanyanyuki mpaka amalize. Mtoto alikaa mpaka chakula kikaota mafuta meupe juu. Nikamnyanyua mimi. Kaka yako hakuongea nami siku ile.

Sasa anakula wali mweupe na chumvi, na shingo yake inaanza kuonekana ndefu. Wewe unafanya kazi jikoni kwa watu. Niambie, watu wa huko wasiokula nyama wanakula nini, lakini kitu cha kumfurahisha mtoto, si majani ya kuchemsha. Mimi nimekata nyama tangu kabla hujazaliwa. Maharage sijui hata yanaanzia wapi.

Ni mimi, baba yako

---

Huku, 3 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini goti linakusikiliza. Mimi sijambo, kifua kimeniachia. Msalimie kaka, mwambie na yeye asimkalishe mtoto tena mezani namna ile. Wifi mwambie nampenda.

Barua yako niliisomea stoo, juu ya gunia la vitunguu, maana ndiyo sehemu pekee hapa yenye mlango wa kufungwa. Nilipofika kwenye ndama niliikunja, nikarudi kukata pilipili hoho. Niliimalizia baadaye.

Sijawahi kukueleza vizuri ninachopika. Jiko letu liko chini ya ardhi, lina dirisha moja juu ukutani, na tunachokiona ni miguu ya wapita njia. Nimeshazijua jozi za viatu kuliko sura. Tunapika kitu kinaitwa taco. Najua linavyosikika jina hilo kwetu, na najua kaka atacheka, mwache acheke. Ni kichapati cha mahindi, upana wa kiganja, unakikunja katikati, ndani unaweka kile moyo unachopenda. Mwenye jiko ni mama mmoja ambaye kwao ndiko chakula hiki kilikozaliwa. Tunamwita Bibi Mkubwa, si kwa umri, ni kwa sauti. Wateja wengi hutaka nyama, lakini wapo wanaokuja kwa ajili ya maharage tu na wanaondoka wakijilamba.

Fanya hivi. Chukua unga wa mahindi, chumvi, maji ya moto, ukande. Fanya vidonge kama yai dogo. Kata mfuko wa nailoni uwe vipande viwili, weka kidonge katikati, kandamiza kwa sahani nzito. Choma kwenye kikaango kikavu. Ndani weka maharage yaliyochemshwa na kupondwa na kitunguu, kitunguu saumu na bizari nyembamba. Juu yake kabichi iliyokatwa nyembamba kama uzi, uikamulie ndimu. Hayo ndiyo ya Bibi Mkubwa. Mimi nikijipikia mwenyewe naongeza ya kwetu: ndizi mbivu za kukaanga, na karanga zilizokaangwa zikasagwa pamoja na ukwaju na pilipili kidogo. Bibi Mkubwa alipoonja mara ya kwanza alinitazama kama nimemtukania mama. Siku iliyofuata akauliza kama imebaki.

Mwache Kinanda akandamize vidonge mwenyewe. Mtoto hula alichokishika.

Baba, anauliza habari zangu? Niambie kweli, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Binti yako

---

Nyumbani, 11 Aprili

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Tu wazima. Mvua imetuchosha na umeme unakatika, kaka yako anashinda akihangaika na barafu ili nyama isiharibike.

Nilisoma barua yako kwa sauti mezani, sikujua kuna mtego ndani yake. Nilipofika kwenye lile jina kaka yako alicheka mpaka akatoka nje. Kinanda naye akaangua kicheko, akalitaja mara kumi kabla wifi yako hajamziba mdomo. Ili tuweze kula bila aibu mtoto amevipa jina jipya: mikunjo. Ndivyo vinavyoitwa nyumba hii.

Lakini kuvipika, mwanangu, ni kazi nyingine. Kabichi niliiweza. Nilichukua kisu changu cha bucha, Kinanda akanisimamia nikisugue kwa sabuni mara tatu kwa sababu kinatoka kwa ng'ombe, halafu nikaikata kabichi mpaka wifi yako akasema angeweza kuifuma. Maharage yaliungua upande mmoja, tukala upande mwingine. Vichapati ndivyo vilivyotuaibisha. Vilipasuka pembeni, na kila tulipokunja kimoja kilikatika vipande viwili kama kigae. Kaka yako alisimama mlangoni akauliza kama tunajenga. Kinanda alicheka, akachota maharage kwa vipande vya kigae, akala. Alikula, mwanangu. Hilo ndilo la kukuandikia.

Kuhusu ulichoniuliza, sitakudanganya. Zamani aliuliza utakuja lini. Siku hizi haulizi hilo, anauliza ukoje. Wiki iliyopita alitaka kujua kama ukicheka unafunika mdomo. Nilisema ndiyo, kwa mkono wa kushoto, naye akaenda kwenye kioo akajaribu. Ulimwacha hajajua hata kufunga kifungo, sasa anasoma vibao vya barabarani. Akisukwa nywele na wifi yako, humponyoka neno "mama". Wifi yako humrekebisha kwa upole, lakini mimi nauona mkono wake ukisimama kidogo kwenye nywele kabla haujaendelea.

Umeniomba kweli, nimekupa.

Ni mimi, baba yako

---

Huku, 14 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini mvua imewaonea huruma na goti halikuzidi kuuma kwa baridi. Mimi mwili haujambo.

Samahani kwa kuchelewa. Nilitaka kwanza barua yako initoke kooni, nikaona haitoki, basi nimeandika nayo humo humo.

Tuanze na vichapati. Nilimweleza Bibi Mkubwa kwamba vimekatika, akacheka, akaniita mjinga kwa lugha yao. Kumbe mahindi yao huchemshwa kwanza kwa maji ya chokaa, ndiyo husagwa, kwa hiyo unga wao unashikana. Wa kwetu hauwezi peke yake. Changanya nusu kwa nusu na unga wa ngano. Maji yawe yanatokota kabisa, si ya moto tu. Ukishakanda funika kwa kitambaa kibichi, uuache upumzike mpaka maharage yaive. Vikitoka kwenye kikaango usivipange wazi, vifunge kwenye kitambaa vijifukize. Vitakunjika kama leso.

La pili ni zito. Bibi Mkubwa anafungua duka jingine, upande mwingine wa mji, juu ya ardhi safari hii, lenye dirisha kubwa. Anataka nilisimamie mimi. Mikunjo ya karanga na ukwaju imeingia kwenye orodha ya chakula, na watu wanaifuata. Nilimwambia siwezi kukubali jambo la miaka wakati mtoto wangu anajifunza kucheka mbele ya kioo. Baada ya siku kadhaa aliniita, akasema nikikubali, kampuni yake itanisaidia karatasi za mtoto za kuishi huku. Kuna chumba juu ya duka. Kuna shule, unavuka barabara moja tu.

Nina likizo Agosti. Nitakuja. Nataka nikirudi nirudi naye.

Najua ninachokuomba. Wewe ndiye uliyemfuta machozi tangu baba yake alipokwenda zake na mimi nikaenda zangu. Wifi ndiye aliyemsuka. Mkisema hapana, nitaelewa, na nitakuja kuwasalimu hivyo hivyo. Lakini namtaka mtoto wangu, baba.

Binti yako

---

Huku, 20 Juni

Baba yangu,

Shikamoo. Mko wazima? Sijapata jibu. Kaka amenitumia ujumbe mfupi kwamba hamjambo wote, basi, hakuongeza neno. Kimya chako nakijua tangu utotoni. Ulikuwa ukikasirika unanoa visu.

Kama umekasirika, niandikie hata hilo.

Binti yako

---

Nyumbani, 8 Julai

Mwanangu mpendwa,

Salamu. Sisi wazima. Sijakasirika, ingawa visu vyote vya bucha vimenolewa mpaka kaka yako amejikata.

Nilikuandikia mara kadhaa nikachana. Barua ya kwanza ilisema hapana. Nyingine ilisema ndiyo, lakini ukiisoma ungejua ni hapana iliyovaa kanzu. Kaka yako anasema fimbo ya mbali haiui nyoka na mama wa mbali hafuti kamasi, kwamba mtoto ana kwao na hapa ndipo kwao. Wifi yako alitoka kwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Nikaona kwanza tule, halafu tuzungumze. Jumapili iliyopita nilipika. Nilifuata kila ulichosema, unga nusu kwa nusu, maji yanayotokota, kitambaa kibichi. Kinanda ndiye aliyekuwa mkuu wa jiko. Alisimama kwenye kiti, akakandamiza vidonge kwa uzito wake wote, akanituma chumvi, akanituma ndimu, akanikaripia kwa kugeuza mapema. Wifi yako alikaanga ndizi. Karanga nilizisaga mimi, na ukwaju niliuzidisha kidogo kwa sababu napenda. Vilipotoka vilikunjika, mwanangu. Hakuna kilichokatika.

Kaka yako alikuja na nyama yake ya kuchoma kwenye sahani, akasema kila mtu na dini yake. Akaomba kimoja aonje. Akala cha pili ili ahakikishe. Cha tatu alikichukua tukiwa tunatazama kwingine, na ile nyama ikabaki kwenye sahani. Tulikula tukiwa tumebanana mezani, mikono inapishana, mchuzi wa karanga mpaka kwenye viwiko, na nikaona mtoto amepata mashavu yake tena.

Baada ya kula nilimpakata, ingawa ni mkubwa sasa na goti halikupenda. Nikamwambia unakuja, na unataka kwenda naye. Sikumpambia wala sikumtisha. Nilimwambia kuna dirisha kubwa, na shule, na chumba kimoja chenu wawili. Alifikiri. Nilitegemea aniulize kuhusu wanasesere au ndege. Akaniuliza:

"Nikifika kwake, atanijuaje?"

Nilimwambia mama hasahau. Akasema, sijasema amesahau, nimesema atanijuaje, mimi sasa ni mwingine. Hapo wifi yako ndiye aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, akikusanya sahani: "Kwa hiyo lazima uende mkajuane."

Nadhani lilimgharimu neno lile kuliko sisi wote.

Basi sikiliza jibu langu. Nilijifunza kupika ili asikonde. Sikujifunza ili nimshindanie na mama yake. Njoo umchukue.

Ni mimi, baba yako

---

Nyumbani, 5 Oktoba

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa Kinanda. Tulipata ujumbe kwamba mlifika salama, tukashukuru. Sisi hatujambo. Kaka yako amenunua msumeno mpya usio na kelele, umechelewa lakini umekuja.

Kuna jambo sikukuambia ulipokuwa hapa kwa sababu mdomoni halikukaa vizuri. Ile siku ya kwanza, Kinanda alipojificha nyuma ya mlango wa jiko na kukataa kutoka, sote tulikuwa tunambembeleza. Wewe hukumwita. Ulivua saa, ukanawa mikono, ukavuta beseni ukakaa sakafuni upande wa pili wa mlango, ukaanza kukanda unga. Ulikanda muda mrefu kuliko unga unavyohitaji. Kisha ukaweka kidonge kimoja kwenye ufa wa mlango. Kidonge kikatoweka. Ukaweka kingine. Nilikuwa nimesimama barazani nikaona yote. Mpaka pale nilikuwa nimekubali kwa mdomo tu. Moyo ulikubali hapo.

Na ile siku ya mwisho, alipokataa kuniaga uwanja wa ndege akageuka upande wa begi, usimgombeze kwa hilo. Mimi pia niligeuka.

Nyumba ipo. Wifi yako amehamisha kile kiti alichokuwa akisimamia mtoto, halafu amekirudisha. Jumapili aliniuliza nitapika nini. Nikasema nyama, mbona sasa hakuna wa kutukataza. Nilikata mwenyewe kipande cha kiuno, kizuri, nikakichoma kwa mkono wangu. Ilikuwa tamu, sitakudanganya. Tulikula mpaka tukaegemea viti. Kaka yako alisifu. Hakuna aliyemwaga kitu, hakuna aliyeuliza kitu, tulimaliza mapema na meza ilikuwa safi, na tukabaki tumekaa tunatazamana kama watu wanaosubiri gari.

Wifi yako akanyanyuka akaleta kitambaa kilichofungwa. Alikuwa amechoma mikunjo, anasema mkono wake ulishika unga wenyewe kabla kichwa hakijafika. Hatukuila, tulikuwa tumeshiba. Asubuhi niliibeba nikaenda nayo buchani. Niliila nimesimama, mitupu, haina kitu ndani, kabla sijafungua mlango kwa wateja. Ilikuwa imekauka kidogo lakini haikukatika.

Sikuandikii haya ili umrudishe. Ukimrudisha nitawafungia mlango. Nakuandikia kwa sababu kaka yako akiulizwa habari zenu husema hawajambo, nawe katika ujumbe umesema hatujambo, na neno hilo nimelila mpaka nimechoka, halishibishi. Mimi nilikuwa najua asubuhi amekunywa chai na nini, na mchana ameacha nini kwenye sahani. Najua hupenda kabichi iwe na ndimu nyingi na hujifanya hapendi pilipili ili apewe ndizi zaidi. Labda huko amebadilika. Labda amepata marafiki wanaokula vingine.

Kwa hiyo ukipata nafasi, hata ukiwa umekaa juu ya gunia, usiniandikie kwamba hajambo. Niandikie anakula nini.

Ni mimi, babu yake